Siku Mama Freni Alipomaliza Kulipa Motokari

Jina lake ni Kaswera, lakini hapa Mapendo, mtaa wetu wa Goma, tunamwita Mama Freni. Anafundisha watu kuendesha gari, na neno linalotoka kinywani mwake kuliko mengine yote kutwa nzima ni hilo, freni, yaani breki. Halisemi kwa kelele. Hata mwanafunzi akiwa anaelekea moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ya volkano, yeye husema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Freni, mama. Freni." Mguu wa mwanafunzi ukiganda, wake uko tayari. Gari lake ni Toyota ndogo ya bluu, volani, usukani wake, iko kuume kama magari mengi yanayotufikia kwa njia ya Uganda, na upande wa kushoto, pale mwalimu anapokaa, fundi Onésime alichomelea kanyagio la pili la freni.

Kaswera alizaliwa Butembo. Baba yake aliendesha lori la matajiri, akileta maharagwe na viazi Goma, na likizo za shule alimpakia bintiye mbele pamoja naye. Siku moja, walipokwisha kupita Kalengera na barabara ikawa tupu, alimwambia ashike volani kidogo ili yeye awashe sigara. Sigara ilikwisha, akawasha nyingine, binti bado ameshika. Alikuwa na miaka kumi na tano.

Aliolewa na Donat, seremala, mutu mpole mwenye vumbi la mbao hata kwenye kope. Walipanga nyumba ya mbao hapa Mapendo, wakapata watoto wawili. Kaswera alipata kazi katika shule moja ya udereva: kupokea wanafunzi, kuandika risiti, kufagia. Mwalimu asipofika, aliingia yeye garini. Baada ya muda wanawake wakaanza kuuliza mlangoni, "Yule mama eko leo?" na kama hayuko, wanarudi nyumbani na feza yao. Mwenye shule alipohamia Kampala na kufunga mlango, wanawake sita walikuwa hawajamaliza masomo. Walimfuata Kaswera mpaka nyumbani, wakakaa kwenye viti vya Donat ambavyo havijapakwa vernisi, wakamwambia atafute gari.

Ndivyo alivyofika kwa Muzee Buhendwa, anayeuza magari ya mitumba katika kiwanja cha kuzungushiwa mabati, upande wa Birere.

"Mama, uko na bwana?" Muzee alimwuliza.

"Niko naye."

"Ni yeye ataendesha?"

"Hapana, Muzee. Yeye anaranda mbao. Mimi ndiye nitaendesha."

Muzee alicheka mpaka akatoa kitambaa. Halafu akampa ufunguo wa ile Toyota ya bluu, akamwambia azunguke nayo kiwanjani, kinyumenyume. Kaswera alipita kinyumenyume kati ya magari yaliyobanana, akarudi, akazima, bila kugusa kioo cha mutu. Muzee hakucheka tena. Walipatana hivi: Kaswera atatoa avansi, malipo ya kwanza, zile feza zote za akiba ya Donat na za kuuza cherehani yake mwenyewe, na baada ya hapo ataleta dola mia na makumi tano kila mwisho wa mwezi kwa miaka miwili. Karatasi ya gari, ile karte roze, itakaa kwa Muzee mpaka siku ya mwisho.

Miaka miwili ni mirefu. Katika nyumba ile kila kitu kilianza kusubiri. Bati la jikoni lilivuja, Donat akasema tutalibadilisha tukimaliza motokari. Mtoto mkubwa alitaka baiskeli: tukimaliza motokari. Mdogo wake Donat, Kambale, alikuwa na mchumba na mahari haijatimia: tukimaliza motokari. Hata kwaya ya parokia, ambako Kaswera anaimba sauti ya pili, ilibadilisha kitambaa cha sare, naye peke yake akabaki na kile cha zamani, amesimama safu ya nyuma, akiimba.

Feza zilikuwa zinapatikana, lakini hazikukaa. Mwisho wa mwezi zilitoka zote. Kaswera aliziweka safi, kwa sababu Muzee Buhendwa aliinua kila noti kwenye mwanga, na dola yenye hata kipande kidogo kilichochanika pembeni alirudisha. Mara mbili Kaswera ilimbidi azunguke kwa wabadilishaji feza, akipoteza kidogo kila mara, ili apate noti ambazo Muzee atazipenda.

Halafu ikaja ile Januari, vita ilipoingia mjini. Hakuna mutu alikuwa anajifunza kuendesha. Donat alilisukuma gari nyuma ya nyumba, akalifunika kwa turubai, juu yake akapanga mbao kana kwamba ni stoki ya kazi. Risasi ziliponyamaza, Kaswera alikwenda kwa miguu mpaka kwa Muzee. Kiwanja kilikuwa karibu tupu. Muzee alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki.

"Muzee, mwezi huu sina kitu," alisema.

"Nani ako nacho?" Muzee akajibu. "Huo haukuwa mwezi, mama. Tuuruke. Utaanza na unaokuja."

Kaswera anasema hakulia siku zile zote, lakini njiani akirudi alilia kwa sababu ya neno hilo.

Watu walirudi kidogokidogo kwenye shughuli. Mabenki yalikuwa yamefungwa, kazi nyingi zilikuwa zimekufa, na jambo la ajabu ni kwamba wanafunzi waliongezeka. Wanawake waliopoteza kazi ofisini walitaka kuwa na kitu mkononi. Wengine walitaka tu kujua. Kaswera alifundisha asubuhi mpaka jioni, mvua ya masika ikipiga, vioo vikiwa na ukungu.

Katika wanafunzi hao alikuwamo Mama Léocadie. Ni mutu wa Masisi, mnene, mwenye miaka hamsini na kitu, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, pale soko la Kituku. Alikuja kujifunza kwa sababu alichoka kubishana bei na watu wa kubeba mizigo. Mara ya kwanza alipokaa nyuma ya volani aliishika kama mutu anayeshika mbuzi asimponyoke. "Mwalimu," alisema, "nimezaa watoto saba na sikutetemeka hivi." Lakini alikuja tena kesho yake, na kesho yake tena.

Mwisho wa Aprili ulikuwa ndio mwisho wa deni, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Kaswera aliamka mapema, akaoga, akavaa kitenge cha Pasaka. Donat akamtazama.

"Unaenda arusi?"

"Naenda kwa Muzee."

Donat alitabasamu, akaosha mikono, akamfungulia mlango wa gari kama dereva wa tajiri. Feza zilikuwa ndani ya bahasha, zimekunjwa mara moja tu. Lakini asubuhi hiyo ilikuwa pia zamu ya Mama Léocadie, na Kaswera hakutaka kumrudisha. Basi alimpitia, akamwachia volani, akamwambia, "Leo hatuendi kwenye kiwanja cha mazoezi. Leo unanipeleka Birere."

"Birere? Kwenye watu wote wale?"

"Kwenye watu wote wale."

Mama Léocadie alifanya ishara ya msalaba, akatia gia ya kwanza. Walipita katikati ya pikipiki, mikokoteni, wanawake wenye mabeseni, tshukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyopakiwa makaa mpaka mwenyewe haonekani. Kaswera alikuwa na furaha iliyomfanya asione vizuri. Mara mbili Mama Léocadie alikanyaga freni mwenyewe kabla mwalimu hajasema neno. Walipofika kwenye mabati ya Muzee, alisimamisha gari kwa kishindo, nusu barabarani, na hakuna aliyemlaumu.

Kaswera akaingia. Muzee Buhendwa alihesabu, akainua kila noti kwenye mwanga, na safari hii hakurudisha hata moja. Alifungua kasha, akatoa ile karte roze, akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Umelipa vizuri," akasema. "Wanaume kumi walichukua gari kwangu wakati ule. Wanne walinikimbia."

Kaswera alishika ile karatasi kwa mikono miwili. Anasema masikio yalimlia, kama mutu aliyeshuka haraka kutoka mlimani.

Lakini Muzee ni mutu wa biashara. Alimshika kiwiko, akampeleka mpaka kona ya kiwanja, akamwonyesha gari lingine, jeupe, jipya machoni, viti vyake bado na nailoni. "Ile ni otomatiki. Haina ambrayaji, mguu wa kushoto unapumzika. Wanafunzi wako wanataka hii siku hizi. Wewe najua mikono yako, sikuombi avansi. Utaleta ile ile kila mwezi, kama ulivyozoea. Hutasikia hata tofauti."

Kaswera alizunguka lile gari. Alifungua mlango, akakaa. Lilinuka upya. Alijiona tayari akipita nalo mbele ya ile shule ya zamani iliyofungwa. Neno la Muzee lilikuwa tamu kwa sababu lilikuwa kweli: asingesikia tofauti. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Nipe mpaka Jumatatu, Muzee," akasema, akashangaa kusikia sauti yake.

Alirudi kwenye gari, akamwonyesha Mama Léocadie karatasi. Yule mama aliisoma kwa kidole, jina lote, kisha akapiga honi, mara tatu, ndefu, mpaka watu wakageuka. Walicheka kama wasichana. Ndipo Kaswera akamweleza juu ya gari jeupe.

Mama Léocadie aliacha kucheka, akafikiri.

"Mwalimu, nikuulize. Hii miaka miwili, ile mia na makumi tano ilitoka kwako kila mwezi?"

"Kila mwezi, isipokuwa ule mmoja."

"Na mulikula?"

"Tulikula."

"Watoto walisoma?"

"Walisoma."

"Basi ile feza imeisha zoea kutoka nyumbani. Ukiiacha ikae, italiwa, na hutajua na nani. Ukimupa Muzee, ni yake. Mimi ningeibadilishia njia tu." Aliwasha gari. "Leo ni Ijumaa. Wamama wa Kituku wanakutana saa nane kuweka akiba. Tuligawana mbele ya Pasaka, leo tunaanza upya. Nikupeleke?"

"Utaweza kuteremka kule? Kuna mteremko."

"Uko hapo na freni yako."

Wakaondoka. Walipita Himbi, wakapita Kyeshero, mvua ikaanza, Mama Léocadie akatafuta kitufe cha kufuta kioo akawasha taa badala yake. Pale barabara inapoteremka kwenda ziwani, mawe yalikuwa yanang'aa kwa maji. Kaswera aliweka mguu juu ya kanyagio lake lakini hakulikanyaga. Yule mama aliteremka kwa gia ya kwanza, polepole, ulimi nje, mpaka chini kabisa, mitumbwi ikaonekana na harufu ya samaki ikaingia dirishani. Wenzake walipoona ni nani yuko kwenye volani waliacha mabeseni yao wakaja mbio.

Saa nane ilipofika, chini ya turubai la wanawake hao lilitolewa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa wanawake watatu wasiokaa mtaa mmoja. Kila Ijumaa kila mmoja huleta hisa zake. Anayehitaji hukopa humo na kurudisha na faida kidogo, na mwisho wa duru wanagawana chote. Walimwuliza Kaswera ataanza na ngapi. Hapo akakumbuka kwamba bahasha ilibaki kwa Muzee. Hakuwa na kitu.

Mama Léocadie akafungua fundo la kitenge chake, akatoa dola kumi. "Somo la leo," akasema. "Nimeendesha kutoka Mapendo mpaka Birere, na kutoka Birere mpaka Kituku. Chukua, mwalimu."

Kaswera alizipokea, akazipitisha moja kwa moja kwa mwenye kuandika. Wanawake wakapiga makofi, kama wanavyompigia kila mwanachama mpya, lakini yeye anasema alihisi kana kwamba amepewa shahada.

Nyumbani, jua likiwa bado halijazama, habari zilikuwa zimemtangulia. Mtoto mkubwa alikuwa amekwisha chagua rangi ya baiskeli. Donat alikuwa juu ya ngazi akipima paa la jikoni. Aliposhuka, alikuwa na sura ya mutu mwenye kitu cha kusema.

"Nimemwambia Kambale," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba deni limeisha."

"Hiyo ni kweli. Umemuahidi nini?"

Donat alijipangusa kope. "Kidogo."

Kaswera alikaa kwenye benchi, akamvuta akae. Alianza kuhesabu kwa vidole: bati, baiskeli, mahari, kitambaa cha kwaya, na gari jeupe la Muzee. "Tulikuwa tunasema tukimaliza, tukimaliza," akasema, "kana kwamba siku ile tutaokota gunia. Leo nimemaliza, na iliyopo ni ile ile mia na makumi tano. Tukimpa kila mutu anayeingoja, mwezi wa tano utakwisha na hatutakuwa na bati wala mahari." Halafu akamweleza juu ya Kituku.

Donat alitazama paa la jikoni. "Kwa hiyo tunaendelea kulipa motokari."

"Tunaendelea. Tumebadilisha tu mutu wa kupokea."

"Na bati?"

"Wewe ni seremala, Donat."

Hapo akacheka, naye mwenyewe akijua kwamba miaka miwili alikuwa anangoja feza za kufanya kazi ya siku mbili. Bati lilizibwa kwa mbao na lami wiki ile ile. Kambale aliambiwa angoje mpaka Desemba. Alinuna, akaja kula Jumapili, akaacha kununa. Na Jumatatu Kaswera alikwenda Birere kumwambia Muzee asante, hapana. Muzee alikuna kichwa. "Wewe utanifilisi," akasema, akamletea soda.

Miezi iliyofuata, kama unamjua, ungemwona amebadilika. Ile mia na makumi tano aliigawa kwa Ijumaa za mwezi. Kila Ijumaa saa nane gari la bluu lilionekana likiteremka Kituku, mwanafunzi kwenye volani, kwa sababu aligeuza mteremko ule kuwa mtihani: asiyeweza kuuteremka hajamaliza masomo. Wanafunzi wakamfuata chini ya turubai. Wengine walijiunga. Alikuwa akirudi anaimba, na watu wa kwaya waliosimama mbele yake walisema sauti ya pili siku hizi inasikika mno.

Wiki moja kabla ya Noeli walifungua sanduku na kugawana. Mwenye kuandika aliita majina, kila mmoja akasimama. Mama Léocadie, ambaye sasa alikuwa na permis yake, leseni ya udereva, alipokea zake akazificha mahali pasipotajwa. Kaswera alipoitwa alikwenda mpaka kwenye sanduku. Alihesabu dola elfu moja na mia mbili, na faida juu. Hajawahi kushika feza nyingi hivyo zikiwa zake. Zile za kununulia gari zilikuwa za kwenda kwa Muzee hata kabla hajazipata. Donat alikuja kumchukua, wakatembea kandokando ya maji, kila mmoja akiogopa kuzungumza. Walimpa Kambale sehemu ya mahari. Baiskeli ilinunuliwa, nyekundu. Kitambaa cha kwaya pia. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, Kaswera hakutaka zinunue kitu. Alitaka tu ziwepo.

Hazikukaa hata mwezi mzima bila kazi. Katikati ya Januari, asubuhi, mwanafunzi mmoja akiwa anabadilisha gia karibu na Katindo, kitu kililia chini ya gari kama mfupa unaovunjwa, na gari halikwenda tena mbele wala nyuma. Vijana waliwasukuma mpaka kwa Onésime. Fundi alilala chini, akatoka na mafuta kwenye paji la uso.

"Mama, ni buati ya gia. Imekufa kabisa. Kuna nyingine kwa rafiki yangu, lakini pamoja na kazi yangu ni mia nne." Alisema kwa huruma, kwa sauti ya kutoa habari ya msiba, na kabla hajajibiwa akaongeza, "Utalipa kwa vipande. Nakujua. Utanipa hamsini leo, tutaona."

Katika ile miaka miwili, kila kitu kilipovunjika, Kaswera alianza kwa kuomba siku. Safari hii hakuomba.

"Nitaleta zote mchana," akasema. "Ukinipatia yote mara moja, utanipunguzia ngapi?"

Onésime alimtazama, akafuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Zote?"

"Zote."

"Basi mia tatu na makumi sita."

Alipanda pikipiki mpaka nyumbani, akarudi na feza, akamhesabia fundi mkononi, noti nzima ambazo hata Muzee Buhendwa asingezikataa. Halafu hakuwa na la kufanya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anachoma nyama ya mbuzi kwenye vijiti. Kaswera alivuka, akakaa kwenye benchi, akaagiza, na hapo simu ikalia. Alikuwa Donat, pumzi juu juu, amesikia mtaani kwamba gari limekufa.

"Kaswera, tutafanya nini? Nimuendee nani? Nimuendee Muzee?"

"Usimuendee mutu," akasema. "Nimeisha lipa. Gari ni kesho kutwa."

Upande wa pili wa simu akasikia randa ikiwekwa juu ya meza.

"Umelipa yote?"

"Yote. Niko hapa mbele ya Onésime, nyama iko tayari. Panda pikipiki, kuya tukule."

Akamwambia mama wa nyama aongeze vijiti vinne, na ndizi.